Wakili anataka kesi ya mume wangu ipimwe kwanza na juri ya majaribio. Tukubali?

SWALI: Kaka, mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio. Yeye ana miaka 47, alikuwa anafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Ijumaa moja, saa nne usiku, alishikwa na kizunguzungu kikali kazini, akatapika, akawa anapepesuka. Saa saba usiku tulikuwa hospitali, idara ya dharura. Wakampima kichwa kwa CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani, wakasema hakuna kitu, ni tatizo la sikio la ndani, wakampa vidonge. Alfajiri tukarudi nyumbani. Mkalimani hatukupewa, aliyekuwa akitafsiri ni binti yetu wa miaka 14. Jumapili hakuamka vizuri. Kumbe ni kiharusi cha nyuma ya ubongo, na ubongo ulikuwa umevimba. Leo hatembei bila kushikwa, hata kumeza ni shida. Daktari mmoja alikuja wodini akatuambia samahani, angepaswa kulazwa ile siku ya kwanza. Tumeshitaki, na kesi itasikilizwa baada ya miezi mitano. Upande wa pili wametutajia kiasi cha kumaliza mambo nje ya mahakama. Wakili wetu anasema kabla ya kuwajibu anataka kukodi watu waigize juri, waisikilize kesi, aone watakavyoamua. Hilo ni halali? Nani analipa? Watu hao wakitukataa, ndiyo kesi imekufa? Na mimi niende kusikiliza?

JIBU: Dada yangu, pole sana, na shemeji umfikishie pole zangu. Nianze na jepesi: ni halali, na katika kesi kubwa za madai Marekani ni jambo la kila siku. Mimi si wakili wenu na faili lenu sijaliona. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa hiyohiyo anayoisema wakili wako, kuwaketisha chumbani watu wasiojuana na kuwasikiliza wakibishana juu ya maisha ya mtu wasiyemjua. Kwa hiyo nakujibu kama fundi anayekuonyesha nyundo yake, inapogonga msumari na inapoponda kidole.

Kwa wasomaji walio nyumbani, neno kidogo kuhusu juri. Tanzania tumezoea wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na jaji wa Mahakama Kuu kwenye kesi za mauaji. Walitoa maoni, na jaji alikuwa na uhuru wa kutoyafuata. Kenya wameachana nao tangu 2007. Kesi ya uzembe wa daktari kwetu huamuliwa na hakimu au jaji. Ohio ni habari nyingine: raia 8, waliotolewa kwa bahati nasibu kwenye orodha ya wapiga kura, ndio wanaosema kama daktari alikosea, kama kosa hilo ndilo lililomlemaza mgonjwa, na ni dola ngapi. Wakikubaliana 6 kati ya 8 inatosha. Texas wanakaa 12 na wanatosha 10, California 9 kati ya 12. Hawatoi maelezo ya kwa nini wameamua hivyo. Wanajaza fomu, wanashukuriwa, wanakwenda kuchukua magari yao.

Na hakuna anayeruhusiwa kuwasikiliza wakijadiliana. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliweka vinasa sauti kwa siri katika chumba cha juri huko Wichita, Kansas. Jaji na mawakili waliridhia, wanajuri wenyewe hawakujua. Habari ilipofumuka mwaka uliofuata, Baraza la Seneti likawaka moto, na 1956 ikatungwa sheria ya shirikisho inayopiga marufuku kunasa mijadala ya juri. Ndiyo maana anayetaka kujua watu wa kawaida wanaizungumzaje kesi, milango ikishafungwa, hana njia ila kuigiza. Kufikia miaka ya 1970 mawakili walikuwa wameichukua mbinu hii, na sasa ni biashara kamili. Yule Dr. Phil wa televisheni, kabla hajawa maarufu, alikuwa na kampuni ya kazi hii. Oprah Winfrey alikutana naye alipokuwa na kesi dhidi ya wafugaji wa ng'ombe Amarillo, Texas, iliyosikilizwa 1998.

Siku yenyewe huwa hivi. Tuseme wanaitwa watu 24. Wanatafutwa wafanane na watu wa kaunti yenu kwa umri, kazi, elimu na rangi, na wanachujwa ili asiingie mtu wa hospitali ile wala jamaa wa wakili yeyote. Wanalipwa kwa siku yao, wanasaini kutunza siri, majina ya mgonjwa na hospitali yanabadilishwa. Wakili mmoja anasimama kwa upande wenu, mwingine kwa upande wa hospitali, kila mmoja dakika arobaini au saa nzima, na vipande vya video vya mashahidi waliokwisha kuhojiwa chini ya kiapo. Baada ya kila hatua, kila mtu anajaza dodoso lake kimya. Mwisho wanagawanywa makundi matatu ya watu 8, kwa sababu juri ya Ohio ni watu 8, wanaachwa wabishane huku kamera zikiwaangalia. Sisi tunakaa chumba cha pili na kahawa iliyopoa.

Mambo mawili yakiharibika hapo, siku nzima imepotea. La kwanza, washiriki wasijue nani kawakodi. Binadamu akijua nani anamlipa humpendelea, hata bila kukusudia. La pili, na hili mwulize wakili wako waziwazi: nani ataigiza upande wa hospitali? Nimeona ofisi zikimpa kazi hiyo kijana aliyetoka chuo mwaka jana, huku bosi mwenyewe, mwenye sauti ya radi, akisimama upande wa mteja. Wanashinda kwa kishindo, wanafurahi, wanakwenda mahakamani kuchinjwa. Upande wa hospitali apewe yule aliye hodari kuliko wote ofisini. Mazoezi ambayo hayaumi hayafundishi kitu.

Sasa matokeo. Tuseme katika wale 24, watu 15 wamesema hospitali ina makosa. Wakili atakuja kwako na asilimia 62, na wewe utasikia kama nafasi ya kushinda ni asilimia 62. Usiipokee hivyo. Rusha sarafu mara 24, upande mmoja ukija mara 15 hakuna atakayeshangaa. Kwa idadi hiyo ya watu, asilimia yako inaweza kupanda au kushuka kwa 20 hivi bila kesi kubadilika hata nukta. Na zile kura za mwisho, baada ya mjadala, ndizo zisizofaa kuaminiwa sana, kwa sababu watu 8 waliozungumza pamoja si maoni 8 tena. Akiwemo nesi mstaafu mwenye kujiamini, kundi zima linaweza kumfuata kama vifaranga. Omba uonyeshwe kura za dodoso za kabla ya mjadala, mtu kwa mtu.

Isitoshe, mizani ya kesi hizi inajulikana ilivyolala. Ofisi ya takwimu ya Wizara ya Sheria ya Marekani ilihesabu kesi za mwaka 2005: katika kesi za uzembe wa tiba zilizofika mpaka mwisho wa usikilizaji, walalamikaji walishinda kama 23 katika kila 100. Mwaka 2007 profesa wa sheria Philip Peters alikusanya tafiti za miaka mingi, akaona kwamba hata pale madaktari waliopitia faili walipokubali uzembe ni dhahiri, juri zilimpa daktari ushindi karibu nusu ya mara. Watu wanasema Wamarekani hugawa mamilioni kwa kila anayelia. Mimi nimewakuta wakimtetea daktari kwa bidii kuliko bima yake inavyomtetea. Mtu anataka kuamini kwamba atakapougua yeye, aliye zamu anajua anachofanya.

Kwa hiyo ukiniuliza juri ya majaribio ina faida gani, nitakwambia: maswali. Wakili aliyeishi na kesi miaka miwili ameizoea kama mtu alivyozoea harufu ya nyumba yake. Mgeni akiingia ndiye anayesema hapa panafuka moshi.

Nikupe kesi moja inayofanana na yenu, nimeibadilisha hapa na pale isitambulike. Mgonjwa wa kizunguzungu, CT safi, akarudishwa nyumbani, baada ya siku mbili ubongo umevimba. Kundi la kwanza tuliwapa kesi kama wakili alivyoipanga: ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, hospitali haikuitoa. Dakika kumi hazikupita, mama mmoja mstaafu akavuta karatasi akachora saa ya ukutani. Dalili zimeanza hapa. Kafika hapa. Kuandikishwa, kusubiri, vipimo, daktari kuja. Akaweka alama pale muda wa dawa unapokwisha, akauliza: "Hata wangejua, wangewahi?" Hakuna aliyemjibu. Kesi ikafia kwenye karatasi ile. Angalia saa zenu: dalili saa nne usiku, hospitali saa saba, mwisho wa dawa saa nane na nusu. Upande wa pili watachora saa hiyohiyo, na watalipa wataalamu waichore kwa rangi.

Kundi la pili tuliwabadilishia mlango wa kuingilia. Dawa tukaiweka pembeni. Wakaelezwa kwamba sehemu ya nyuma ya ubongo imekaa kwenye chumba kidogo cha mfupa, na kiharusi cha huko kinaweza kuvimbisha ubongo mpaka ukabana shina lake, panapoongozwa pumzi na fahamu. Uvimbe huo hauji saa ileile. Huja baadaye, siku ya pili au ya tatu. Mgonjwa aliyelazwa huangaliwa mara kwa mara, na akianza kusinzia kusiko kwa kawaida huitwa wapasuaji wafungue mfupa wa kisogoni kupunguza mgandamizo. Ukweli ulikuwa uleule, faili lilelile. Lakini swali la chumbani halikuwa tena kama wangewahi. Likawa: kwa nini siku ile alikuwa kitandani kwake nyumbani? Kura hazikugeuka zote, lakini mjadala uligeuka, na wakili akaiandika upya hotuba yake ya ufunguzi.

Kikaja kipimo. "Mashine ilisema hakuna kitu, daktari afanyeje?" Hili mtalisikia, dada, litegemeeni. Jibu la kitaalamu ni kwamba CT ya kawaida ni hodari wa kuona damu iliyovuja, lakini kiharusi kichanga cha nyuma ya ubongo huipita mara nyingi, ndiyo maana daktari anatakiwa aangalie macho yanavyocheza na amsimamishe mgonjwa atembee. Tuliwaeleza wale watu habari za macho kwa michoro mizuri ya bei mbaya, wakapiga miayo. Kutembea wakakudaka papo hapo. Fundi bomba mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza: "Aliondokaje pale? Kwa miguu yake au kwenye kiti cha magurudumu?"

Chumba cha pili tukatazamana. Miaka miwili ya kesi, wataalamu watano, maelfu ya kurasa, na hakuna aliyemwuliza mke wa mgonjwa swali hilo. Aliposemeshwa ikajulikana kwamba mhudumu alimsukuma kwenye kiti mpaka kwenye gari, na kaka yake akamwingiza kama mzigo. Mtu asiyeweza kusimama, akaambiwa ni sikio. Hilo kila mwanajuri alilielewa bila mchoro. Shemeji alitokaje alfajiri ile? Sikia, usinijibu mimi. Mjibu wakili wako.

Kuhusu binti kutafsiri, usidhani ni karata inayojicheza yenyewe. Kanuni za shirikisho zinaitaka hospitali inayopokea fedha za serikali itoe mkalimani mwenye ujuzi bure, na kumtumia mtoto hairuhusiwi isipokuwa kwa dharura ya kweli ambayo mkalimani hajapatikana. Mbele ya watu wa kawaida hoja hiyo huenda pande mbili. Wapo wanaokasirika. Wapo pia wanaosema: "Binti anazungumza Kiingereza safi, si walielewana?" Hapo wakili anatakiwa aonyeshe neno lililopotea. Sisi tukisema kizunguzungu, tunaweza kumaanisha kichwa chepesi cha njaa, tunaweza kumaanisha nyumba inazunguka. Mtoto hutoa neno moja la Kiingereza kwa yote mawili. Kama shemeji alisema "miguu hainishiki" na binti akasema baba anasikia kizunguzungu, basi dalili ile iliyomhusu daktari kuliko zote iliishia mdomoni mwa mtoto. Mwaka 1980 huko Florida familia moja ilisema kwa Kihispania kijana wao yu "intoxicado", wakimaanisha kala kitu kibaya. Hospitali ikaelewa kalewa dawa za kulevya. Alikuwa anavuja damu kichwani, akapooza mikono na miguu, na makubaliano ya fidia yalikadiriwa kufika dola milioni 71 kama angeishi umri wake wote. Mifano kama hiyo mawakili wanaipenda, lakini juri itataka neno lenu ninyi, si la Florida.

Sasa niguse pale patakapokuuma. Yule daktari aliyewaomba msamaha wodini: juri ya kweli huenda isimsikie kabisa. Ohio ina sheria inayozuia maneno ya pole na msamaha ya mhudumu wa afya kutumika kama ushahidi wa kosa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema kinga hiyo inafunika hata msamaha wenye kukiri kosa ndani yake. Najua kwako neno lile ndiyo kesi yenyewe. Lakini wakili akiwaonyesha watu wa majaribio msamaha ambao jaji atauzuia, atapata ushindi wa chumbani usiokuwepo mahakamani. Vivyo hivyo bima. Wale 24 wataanza kuulizana bila shaka nani atalipa, daktari mfukoni mwake au bima, maana sijawahi kuona kundi lisiloulizana. Mwongozaji anatakiwa awajibu kama jaji atakavyowajibu wale wa kweli: hilo haliwahusu.

Pesa nazo zina mtego wake. Tuseme kundi limeandika dola milioni 4, na ofisini watu wanapongezana. Uliza kwanza: zimegawanyikaje? Sheria ya Ohio haiwekei kikomo gharama za matibabu, uangalizi na mshahara uliopotea. Lakini maumivu na maisha yaliyoharibika, kwenye kesi za tiba, yana kikomo: kwa kawaida hayapiti dola 350,000 kwa mlalamikaji mmoja, na 500,000 kwa tukio zima. Kwa ulemavu wa kudumu wa aina kali, kwa mfano mtu asiyeweza tena kujihudumia, kikomo kinapanda hadi 500,000 kwa mmoja na milioni 1 kwa tukio. Mawakili wa walalamikaji bado wanakipigania kikomo hicho mahakamani, lakini hesabu pigeni kama kipo. Juri haiambiwi habari yake, jaji hukata mwenyewe baadaye. Mara nyingine walioandika milioni 4 wameweka milioni 1.2 kwa uangalizi na mshahara, na milioni 2.8 kwa maumivu. Kiasi hicho cha pili kikigonga dari ya 350,000, jumla yote inabaki milioni 1.55. Mwondolee wakili theluthi yake, ondoa tuseme 120,000 za gharama za kesi, umebakiwa na laki tisa na kitu, kabla Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haijaja kudai ilichomlipia shemeji. Hizo laki tisa ndizo za kulinganisha na ofa iliyo mezani, nayo ukiwa umeikata vivyo hivyo. Na ona jinsi mstari wa kujihudumia ulivyo na thamani: wakili atumie sehemu ya siku ile kupima watu wanamwonaje mtu anayekula mwenyewe polepole lakini hawezi kwenda chooni bila kushikwa.

Kukataa ofa kuna gharama kwa pande zote. Utafiti mmoja uliotoka 2008, wa kesi 2,054 za California, ulikuta walalamikaji 61 katika 100 waliokwenda mpaka hukumu waliambulia kiasi kilekile walichokataa au pungufu. Washitakiwa walikosea mara chache zaidi, 24 katika 100, lakini wakikosea hasara yao ilikuwa wastani wa dola milioni 1.1, ya walalamikaji kama 43,000. Bima wanaijua hesabu hiyo, na huenda wao wameshakodi watu wao 24.

Nani analipa: wakili atatanguliza, na mkishinda itakatwa kwenye fedha zenu kama gharama nyingine. Soma mkataba wako, uone inakatwa kabla ya asilimia ya wakili au baada. Siku nzima ya makundi matatu inafika makumi ya maelfu ya dola. Ya mtandaoni, watu wakisikiliza majumbani mwao, ni nafuu mno, na kwa kupima swali moja inatosha. Ila mtu aliye nyumbani anapika ugali huku anasikiliza. Kama pesa ni tatizo, mwambie wakili aanze na kikundi kidogo cha majadiliano, watu wanane tu, wasipige kura yoyote, waulizwe tu wanachotaka kujua. Mara nyingi hapo ndipo fundi bomba anapojitokeza. Ohio pia ndiko jaji Thomas Lambros wa mahakama ya shirikisho Cleveland alikobuni mwaka 1980 usikilizaji wa mkato: wanajuri halisi wanaitwa na mahakama, mawakili wanafupisha kesi, uamuzi haumfungi mtu, na pande zote mbili zinausikia. Faida yake ni kwamba mbishi wa upande wa pili naye anajisikilizia mwenyewe. Inafaa aulizwe jaji wenu kama ana moyo nayo.

Wakiwakataa, kesi haijafa. Kisheria uamuzi wao ni sifuri. Na wakili hana ruhusa ya kukubali wala kukataa ofa kwa niaba yenu kwa sababu watu wa kukodiwa wamesema hivi au vile. Maadili ya kazi yake yanasema uamuzi wa suluhu ni wa mteja, na ofa yoyote lazima aifikishe kwenu. Akikuambia "juri imesema mchukue", mwombe akuonyeshe madodoso na video, katika kikao chenye mkalimani asiye binti yako.

Jambo moja la kupima ambalo huenda wakili asilifikirie ni wewe mwenyewe. Ukiwa kizimbani utasema kwa Kiswahili au Kiingereza? Ukichanganya, ukijibu maswali mepesi kwa Kiingereza kisha ukaomba mkalimani kwa magumu, wapo watakaodhani unakwepa. Nimeliona hilo kwa watu waaminifu kabisa. Waonyeshwe kundi moja video yako ukisema kwa Kiswahili na mkalimani, na kundi lingine ukijitahidi kwa Kiingereza, ndipo mchague. Kaunti yenu ina Waswahili wengi, lakini anayekaa kwenye juri lazima awe raia, kwa hiyo msitegemee kuona sura ya nyumbani pale.

Yaliyosemwa siku ile, kwa kawaida upande wa pili hawana haki ya kuyaona. Maandalizi ya wakili yanalindwa, msingi uliowekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1947. Ulinzi huo hautafaa kitu ukiyapeleka kwenye grupu la WhatsApp la wanajumuiya, na nakuomba radhi kulisema hili, lakini limetokea.

Je, uende kusikiliza? Mimi ningekukataza. Utamsikia mtu aliyeshiba donati akisema mumeo alijitakia kwa kutorudi hospitali Jumamosi, na hutaweza kuinuka umjibu. Wateja niliowaona chumba cha pili hukumbuka sentensi moja tu kama hiyo, na huingia nayo kizimbani. Mwachie wakili asikie. Wewe wiki hii kaa mahali pa utulivu, uandike alfajiri ile ilivyokuwa tangu daktari aliposema nendeni mpaka mlango wa nyumbani ulipofungwa: nani alimshika, upande gani, alikanyaga hatua ngapi, nani aliendesha. Karatasi hiyo mpe wakili peke yake. Na binti asikumbushwe na mtu. Aulizwe na wakili, akiwa peke yake, kwa maneno yake.